Kahawa ya Lituhi

Notburga Kinunda, au Mama Emiliana kama wengi walivyomwita, alikuwa mtu wa kuhesabu chenji mara mbili, hata anayemrudishia akiwa padre. Mumewe Kilian, fundi pikipiki pale Mbinga mjini, alizoea kusema kwamba mke wake akiletewa zawadi ya sukari huipima kwanza ndipo ashukuru. Alisema kwa utani, lakini ukweli ulikuwemo, na chanzo chake Notburga mwenyewe alikijua.

Alikuwa darasa la tano, kwao Mkumbi, siku baba yake alipopeleka kahawa kwa mnunuzi. Mfuko ulining'inia kwenye mzani, na yeye, kwa kuwa alikuwa mfupi, aliona jambo ambalo wakubwa walikuwa hawalioni: goti la mpimaji lilikuwa limeusukuma mfuko juu kidogo kutoka chini. Njiani akamwambia baba yake. Baba alitembea hatua nyingi kabla ya kujibu.

"Nililiona, mwanangu. Lakini yule ni msimamizi wa ubatizo wa kaka yako. Nyamaza."

Mdomo ulinyamaza. Moyo haukunyamaza tena.

Alisomea utunzaji wa hesabu Songea, akafanya kazi za keshia hapa na pale, na alipofika miaka arobaini na mitatu akapata kazi ya kutunza vitabu katika ushirika mdogo wa pembejeo uitwao Tujikwamue. Ofisi yao ilikuwa nyuma ya soko la Mbinga. Waliuza mbolea, mbegu na dawa ya kahawa, na huko chini ziwani, Lituhi, walikuwa na kibanda cha kuuza nyuzi za nyavu na mbolea ya mpunga. Wanachama walichukua kwa mkopo, wakalipa baada ya mavuno. Kiti alichopewa Notburga kilikuwa cha Mzee Hamphrey, mtu wa Lituhi, aliyetunza vitabu hivyo miaka tisa kisha akastaafu na kurudi kwao. Hawakuwahi kuonana. Alimwachia kikokotoo kilichofutika namba saba, na programu ya hesabu iliyojaa mambo yake.

Wiki ya pili meneja, Hyasinti Mapunda, aliingia na karatasi mkononi.

"Mama Emiliana, wale wanaotupa mkopo wa msimu wanataka taarifa ya umri wa madeni kabla mwezi haujaisha. Waone nani anadaiwa, na deni lake lina siku ngapi. Sasa tazama kitu hiki."

Ilikuwa taarifa ya kurasa kumi na moja. Karibu kila mkulima alitokea mara mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa ankara yake ya mbolea, tuseme laki moja na themanini, imekaa katika safu ya siku zaidi ya tisini. Mstari wa pili ulikuwa kiasi kile kile chenye alama ya kutoa, na maneno: ingizo la marekebisho, makato ya kahawa. Ukijumlisha unapata sifuri. Mtu hadaiwi hata senti, lakini jina lake limebaki kwenye orodha ya wadaiwa sugu, deni upande huu, malipo upande ule, kama wagonjwa wawili waliopona ambao hakuna aliyewaruhusu kutoka wodini.

Notburga alielewa mara moja kilichotokea. Kahawa ya mwanachama ilipouzwa, ushirika ulikata deni lake kwanza. Mzee Hamphrey, badala ya kupokea makato yale kama malipo ya ankara fulani, aliandika marekebisho kwa mkono, jina kwa jina. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila hakuiambia mashine kwamba malipo haya ni ya deni hili, na mashine haina akili ya kubahatisha. Usipoiambia, inaviacha vyote viwili vikizeeka.

"Futa hayo marekebisho yote," alisema meneja. "Uchafu mtupu."

"Nikiyafuta, meneja, madeni yatarudi. Watu waliokwisha kulipa wataonekana hawajalipa."

"Basi fanya unavyojua. Mimi nataka kurasa mbili."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ilikuwa ndefu. Alifungua ukurasa wa kupokea malipo, akachagua jina, akatia alama kwenye ankara, akatia alama kwenye ingizo la marekebisho, vikakutana na kumalizana. Fedha iliyopokelewa: sifuri. Akahifadhi. Jina likatoweka kwenye taarifa. Mtu mwingine angemaliza kwa siku mbili. Notburga alitumia siku tisa, kwa sababu kabla ya kukutanisha chochote alifungua boksi la orodha za makato na kutafuta saini ya mkulima au dole gumba lake. Majina mia moja na arobaini. Yote yalikuwa na ushahidi wake, yamepangwa kijiji kwa kijiji, hakuna karatasi iliyokosekana. Karibu asikitike.

Ndipo akafika kwenye majina ya Lituhi.

Yalikuwa ishirini na matatu, na mbele ya kila jina maneno yalikuwa yale yale: makato ya kahawa.

Notburga aliondoa mkono kwenye kibodi. Kahawa inataka baridi ya milimani. Lituhi ni ufukweni, joto na mchanga, watu wanavua usipa, dagaa wa huko, na mbasa, wanalima mihogo na mpunga. Lituhi na kahawa wapi na wapi? Mtu wa Lituhi akikatwa kahawa, amekatwa kahawa ya nani?

Alitazama tarehe. Yote ishirini na matatu yaliandikwa siku moja, tarehe thelathini Juni, siku ya mwisho ya Mzee Hamphrey kazini. Jumla yake milioni nne, laki tatu na elfu kumi. Kwenye boksi hapakuwa na orodha ya Lituhi. Alifungua akaunti ya makato, ambamo fedha za kahawa zilipaswa kuingia na kutoka mpaka ibaki sifuri, akakuta ina pengo la milioni nne, laki tatu na elfu kumi. Yaani madeni yalifutwa, lakini fedha ya kuyafuta haikuonekana kuingia kutoka popote.

Alimwendea meneja. Hyasinti alikuwa akinywa chai. Aliposikia neno Lituhi alikiweka kikombe mezani polepole mno, kama mtu anayeogopa kisije kikalia.

"Hayo ya Lituhi yafute tu. Usiyachimbe."

"Kwa nini nisiyachimbe?"

"Mzee yule amestaafu kwa amani, Mama Emiliana. Na sisi tunataka mkopo wa msimu."

Kuanzia siku ile meneja alianza kuingia chumbani kwake bila shughuli. Anaulizia kalamu, anaulizia ufunguo wa stoo, macho yako kwenye skrini. Mashine ya kuchapa ikilia, anatokeza mlangoni. "Unachapa nini?" Notburga alichapa majina yale mara mbili, nakala moja akaiweka kwenye faili, ya pili akaibeba kwenye kikapu chini ya mboga. Nyumbani aliificha nyuma ya picha ya Mama Maria ukutani. Kilian akamwona.

"Unamshuku nani sasa?"

"Wote wawili. Mmoja ameandika, mwingine anataka ifutwe."

"Na mimi?"

"Wewe bado."

Jumapili baada ya misa alikutana na mwenyekiti wa ushirika, Tarsisi, mkulima wa Mkumbi mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Tarsisi alimuuliza kazi inaendeleaje. Swali la salamu tu. Notburga angeweza kujibu vizuri na kwenda zake.

"Inaendelea, mwenyekiti," alisema. "Ila kuna milioni nne za Lituhi. Mzee Hamphrey itabidi atueleze zilikwenda wapi."

Hakuongeza neno. Jumanne alisikia habari ile sokoni kutoka kwa muuza nyanya. Alhamisi mwanamke aliyemuuzia mchele alimwambia, bila kujua anazungumza na nani, kwamba kuna mzee mmoja wa ushirika ameondoka na milioni kumi na nne na amejenga nyumba ya kulala wageni ziwani. Notburga alichukua mfuko wa mchele, akasahau kuhesabu chenji. Yeye alisema nne. Na alisema atueleze, hakusema ameiba. Lakini neno likishatoka halibebi maelezo yake.

Bado, alijiambia, huenda ni kweli. Moshi hautoki bure.

Aliomba ruhusa ya siku mbili kwa shughuli za nyumbani, na Ijumaa asubuhi akapanda basi dogo la Lituhi. Walipita Kitai, wakashika njia ya kushuka ziwani, wakipishana na malori ya makaa ya mawe yaliyowatimulia vumbi. Simu ikalia. Meneja.

"Mama Emiliana, uko wapi?"

"Nyumbani."

Lori likapiga honi dirishani.

"Nyumbani kwako kuna malori siku hizi?" aliuliza Hyasinti. Kisha akakata bila kusubiri jibu, na jambo hilo Notburga alilitafakari mpaka ziwa lilipoanza kuonekana kwa mbali.

Jina la sita kwenye orodha yake lilikuwa Lidia, deni laki mbili na elfu kumi. Hakupata shida kumpata, alikuwa kwenye chanja zake za kukaushia karibu na maji, akigeuza usipa kwa viganja. Mwanamke mnene, kitenge kimefungwa kifuani. Notburga alisalimu, akauliza bei ya debe kama mnunuzi.

"Wewe si mnunuzi," Lidia alisema bila kuacha kazi. "Mnunuzi hushika usipa kwanza. Wewe umeshika mkoba. Wewe ndiye yule wa hesabu kutoka Mbinga."

Notburga aliona hakuna haja ya kuzunguka. "Dada, lile deni lako la nyuzi na mbolea. Ulilipa?"

"Nililipa."

"Kwa kahawa?"

Lidia aliacha usipa. Alimtazama, kisha akacheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie. "Kahawa! Njoo umsikie, mimi nina shamba la kahawa hapa mchangani!" Alipotulia alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nililipa kwa usipa, dada. Sote tulilipa kwa usipa. Mwaka ule ziwa lilitoa kweli, lakini fedha hakuna, debe unaliuza bei ya kutupa. Mzee Hamphrey akasema, leteni mzigo, nitauuza Mbinga kwa bei ya huko, tukate deni, kitakachozidi mtarudishiwa."

"Na mlirudishiwa?"

"Mimi nilirudishiwa elfu kumi na sita na mia tano. Nikanunua sufuria. Unataka kuiona?"

"Ndiyo," alisema Notburga.

Lidia alidhani ni utani, akaona si utani, akaenda kuileta. Ilikuwa sufuria ya kawaida, imeungua chini. Notburga aliitazama ndani na nje, asijue anatafuta nini, akairudisha.

"Sasa na mimi nikuulize," Lidia alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ni ninyi mliosema mzee ni mwizi? Maana Jumatano baraza la kanisa limekaa. Alikuwa mtunza hazina wetu. Wamemwambia apumzike kidogo. Mzee wa miaka sitini na sita unamwambia apumzike kidogo, mbele ya wajukuu zake."

Notburga aliuliza nyumba ya mzee iko wapi.

Haikuwa nyumba ya kulala wageni. Ilikuwa ya vyumba vitatu, ya tofali za kuchoma, na upande mmoja bado haujapigwa lipu. Mzee Hamphrey alikuwa amekaa barazani, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka cha juu kabisa ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakusema karibu. Mkewe ndiye aliyetoka na kigoda na kikombe cha maji, mama mmoja mpole aliyetembea kwa kuchechemea, akamkaribisha na kurudi ndani.

"Umekuja kumwona mwizi," alisema mzee, "au umekuja kumuuliza mtunza hesabu?"

"Nimekuja kuuliza, baba."

"Ungeanzia huko, binti yangu. Ungeanzia huko kabla ya kuyasema kanisani kwenu."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada gumu. Kulikuwa na majina, idadi ya madebe, bei yaliyouziwa Mbinga, deni lililokatwa na ziada iliyorudishwa, pembeni saini. Katikati ya daftari kulikuwa na stakabadhi tatu za benki. Milioni moja, laki nne na hamsini. Milioni moja, laki sita na ishirini. Milioni moja na sitini elfu. Zote ziliwekwa kwenye akaunti ya ushirika, si yake.

"Umeangalia mapato mengineyo?" mzee aliuliza.

Notburga alikuwa ameyaona mafungu yale matatu kwenye mapato mengineyo wiki ya kwanza kabisa. Aliyapita. Fedha iliyoingia haikumtia shaka, yeye alikuwa anatafuta iliyotoka.

"Nani aliziweka huko?"

"Niliziweka mimi. Nikisubiri kujua pa kuziweka, zikazeekea hapo hapo. Halafu siku ya mwisho nikasema siwezi kuwaacha watu wale na madeni waliyolipa, nikawaandikia marekebisho."

"Lakini kwa nini makato ya kahawa, baba? Lituhi?"

"Yule fundi aliyetufungia programu alituwekea sababu tatu za kuchagua. Makato ya kahawa, punguzo, makosa. Usipa haukuwemo. Punguzo ingekuwa uongo, makosa ingekuwa uongo. Nikachagua uongo uliokaa karibu na ukweli."

"Na meneja alijua?"

Mzee alitazama kuelekea ziwani. "Kamati ya ushirika ilikuwa imekataza kupokea mali badala ya fedha. Hyasinti aliniambia, wasaidie watu, mzee, lakini tusiandike popote. Sasa mimi, kutoandika siwezi. Ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote."

Notburga alitoa karatasi zake na kuanza kulinganisha daftari na orodha, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kila jina lilipatikana. Lidia, madebe yake, sufuria yake. Alifika mwisho wa daftari, akahesabu. Ishirini na mawili. Akahesabu orodha yake. Ishirini na matatu. Alijumlisha stakabadhi za benki: milioni nne, laki moja na elfu thelathini. Kwenye orodha yake ilikuwa milioni nne, laki tatu na elfu kumi. Alirudia kuhesabu. Tofauti ilibaki pale pale, laki moja na themanini, bei ya mifuko miwili ya mbolea. Jina lisilokuwemo kwenye daftari lilikuwa la ishirini na tatu.

"Baba," alisema, "huyu Dorothy ni nani?"

Ndani ya nyumba sauti ya vyombo ilikoma.

Mzee Hamphrey alifungua kifungo cha juu cha shati, akakifunga tena.

"Hilo ni langu," alisema. "Dorothy ni mke wangu. Alichukua mifuko miwili ya shamba la mpunga, kisha akavunjika nyonga, mpunga ukaliwa na maji. Nilisema nitapeleka usipa wetu kama wenzetu. Msimu ukaisha. Siku ya mwisho nikawa naandika majina, mkono ukafika kwake, nikaandika. Nikasema nitapeleka fedha baadaye, hakuna atakayejua ipi ilitangulia. Miezi ikapita. Nikazoea."

Njia nzima ya kuja Notburga alikuwa akitamani kumkuta mwizi. Sasa alikuwa mbele ya mtu aliyewatendea haki watu ishirini na wawili mpaka mia tano ya mwisho, kisha akajisamehe mwenyewe mara moja. Hakujua amchukie au amwonee huruma, na hakuwa na mazoea ya kutojua.

"Nikiliandika hili," alisema, "watasema, si tulisema. Hawatauliza ni shilingi ngapi."

"Najua watakavyosema."

"Naweza kulipa mimi, baba. Likaisha."

"Usipoliandika," mzee alisema, "utakuwa umejifunza kwangu."

Aliporudi ofisini Jumatatu, Hyasinti alikuwa amekaa kwenye kiti chake, cha Notburga, anamsubiri. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekwenda."

"Nimekwenda. Usipa wote umefika benki, meneja. Ulijua?"

"Nilijua umefika. Nilichoogopa ni kamati. Nilisema, ukifuta yale marekebisho, kila kitu kinaondoka, deni na malipo, hakuna wa kuuliza."

"Deni haliondoki. Ungeondoka ushahidi wa malipo tu. Leo hii Lidia na wenzake wangekuwa wadaiwa sugu, na sisi tungekwenda kuwadai mara ya pili."

Hyasinti alimtazama kama mtu aliyeambiwa daraja alilopita jana lilikuwa limeoza. "Uliniambia, ila sikuelewa," alisema, na safari hii Notburga alimwamini, ingawa ilimchukua siku tatu.

Alihamisha mafungu yale matatu kutoka mapato mengineyo kwenda akaunti ya makato. Alikutanisha majina ishirini na mawili na ankara zao, na kwenye maelezo ya kila moja akaandika: amelipa kwa usipa. La Dorothy hakulifuta. Aliandika ingizo jipya la tarehe ya siku ile la kulirudisha, akalieleza kwa sentensi nzima, akalikutanisha na lile la zamani, na ankara ya mifuko miwili ikabaki peke yake, wazi, katika safu ya siku zaidi ya tisini. Akaunti ya makato ikasoma sifuri. Taarifa ilitoka kurasa mbili kasoro mistari minne.

Kamati ilipokaa aliomba kuzungumza. Alieleza yote: usipa, daftari, benki, laki moja na themanini. Halafu akasema lililobaki.

"Na habari kwamba mzee ameiba ilitoka kinywani mwangu, nje ya kanisa, kabla sijamuuliza. Nilisema nusu neno."

Tarsisi alijikuna shingo. "Mimi nilimwambia mke wangu tu," alisema, na wajumbe wakacheka. Notburga hakucheka. Waliamua usipa upokelewe kuanzia sasa, kwa mzani na risiti, siku ya mnada. Hyasinti alipewa barua ya onyo, akaikunja bila kuisoma. Mwenyekiti akaandika barua nyingine kwa baraza la kanisa la Lituhi, kueleza kwamba fedha za wanachama zilifika salama. Alitaka kuituma kwa dereva. Notburga akasema ataipeleka mwenyewe.

Aliipeleka. Waliisoma, wakamshukuru, wakasema mtunza hazina mpya ameshakabidhiwa funguo na si vizuri kumwondoa naye. Hivyo ndivyo ilivyobaki. Mzee Hamphrey hakuirudia kazi ile.

Wiki mbili baadaye, siku ya mnada, Notburga alikuwa kwenye kibanda cha Lituhi na kitabu cha risiti, watu wamejaa. Mzee Hamphrey alikuja akipita katikati yao. Wengine walimpisha kwa heshima, wengine kwa namna nyingine. Aliweka fedha mezani, noti za elfu kumi, kumi na nane. Notburga alizihesabu, kisha akazihesabu tena mbele yake, na mzee akasubiri bila kukunja uso. Akaandika risiti, akaichana, akampa.

Mzee hakuipokea. "Isome," alisema. "Kwa sauti."

Watu wakasogea karibu. Lidia alikuwa pale, debe kichwani.

"Imepokelewa kutoka kwa Dorothy," Notburga alisoma, sauti ikikwaruza mwanzoni, "kwa mkono wa mumewe Hamphrey, shilingi laki moja na themanini elfu, malipo ya mifuko miwili ya mbolea. Deni limekwisha." Kisha akaongeza kitu ambacho hakikuandikwa. "Na milioni nne zilizosemwa hazikupotea. Zilikuwepo benki muda wote. Mimi ndiye niliyekosea kusema."

Mzee Hamphrey alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Haya, binti," alisema.

Hakumkaribisha nyumbani, siku ile wala siku nyingine. Alishuka njia ya kwake taratibu, mikono nyuma. Notburga alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kwenye mihogo, kisha akageukia mzani. Mbele yake walikuwa wamepanga foleni watu watatu na madebe yao, na wa kwanza alikuwa tayari anauliza kama mzani umepimwa.